Usiipige rangi hiyo 504 kabla hujalala chini yake

Mkuu, simamisha hiyo kazi ya Jumatatu. Mpigie fundi rangi leo hii, mwambie kuna dharura, hata kama nusu ya pesa ameshaitumia.

Nimesoma uzi wako mwanzo hadi mwisho. Umenunua Peugeot 504 ya mwaka 1978 kutoka Tanga, injini inawaka mara moja, bodi unasema "imechoka kidogo tu", na mwakani unataka kuivusha Namanga ukaishindanishe kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, yale maonyesho ya kushindanisha magari na pikipiki kwa jinsi zilivyotunzwa. Umeomba tuliowahi kufika tukusimulie magari na pikipiki tulizoziona kule. Ukauliza pia habari za madaraja ya kushindania, makaratasi ya mpakani, matairi, na kama ile Honda XL125 aliyoiacha marehemu mzee wako inaweza kushindana. Wachangiaji wamekujibu kwa moyo, mmoja hadi amekuchagulia rangi. Kurasa zote hizo, hakuna aliyekuuliza chini ya gari kukoje. Nimeshindwa kupita kimya. Njia unayoingia nimeipita mimi, na fundi aliyenipitisha humo bado yuko kazini anapitisha wengine.

Kilichonishtua ni hilo neno Tanga. Sina ugomvi na Tanga, nina ndugu wengi kule. Ila gari lililolala miaka mingi karibu na bahari limekuwa likipigwa na hewa ya chumvi usiku na mchana. Chumvi inavuta unyevu, unyevu ukitulia juu ya chuma kutu inaanza, na kutu ya gari haianzii pale unapopaona. Inaanzia ndani ya yale mapango ya bati yaliyofungwa: yanayopita chini ya milango, matao ya magurudumu kwa upande wa ndani, maungio ya sakafu, kila mahali maji yanapoingia na hewa haipiti. Kiwandani waliacha matundu madogo kwa chini ili maji yatoke. Gari likishafikisha miaka zaidi ya 40, matundu hayo yameziba kwa tope, na kila mvua inaacha maji yake humo. Siku unapoona kipele kidogo kimeinua rangi kwa nje, upande wa ndani bati limeshakuwa unga.

Halafu 504 haina chesisi ya peke yake. Land Rover za zamani unaweza kuinyanyua bodi, ambayo ni alumini, ukabaki na chesisi ya chuma uishughulikie peke yake. Volkswagen Beetle nayo bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, unavitenganisha. Kwenye 504, na kwenye 404 iliyoitangulia, bodi ndiyo chesisi. Sakafu, mapango ya chini ya milango, na yale matao ya mbele yanayobeba shokapu, ndivyo vinavyolishika gari lisijikunje. Vikioza hivyo milango inaanza kugoma kufunga, na siku ya kugongwa hakuna kinachokukinga wewe na abiria wako.

Yangu ilikuwa 404. Tangu utotoni nilikuwa naiota, kwa sababu baba alitulea na simulizi za Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alivyoshinda kwa 404 mwaka 1966 na akarudia 1967, na Nick Nowicki wa Kenya alivyoshinda kwa gari hilohilo mwaka 1963 na tena 1968. Baba alikuwa akisema 404 ndiyo iliyowafundisha Wazungu barabara za kwetu. Basi dalali mmoja akanitumia picha. Gari la mzee mstaafu, linalala ndani, halijawahi kuguswa. Nikafunga safari kwenda Tanga. Nikalizunguka, nikafungua boneti, nikaisikiliza ile injini ya cc 1618 iliyolazwa ubavu, imetulia vizuri kabisa. Nikaikagua gia ya kwenye usukani, inaingia bila kelele. Nikalipa. Chini sikulala, na dalali alikuwa amelipaki mahali penye majani marefu. Leo najua kwa nini.

Niliporudi Arusha nikaomba ushauri mtandaoni, kama ulivyofanya wewe. Mtu mmoja, mwenye picha nyingi za magari na maneno mengi ya kitaalamu, akaniandikia: anza na rangi, gari likishapendeza utapata moyo wa kumalizia mengine. Wengi wakamuunga mkono. Na mimi nikaona ni sawa, kwa sababu ndicho nilichotaka kusikia, nina pesa ya rangi mkononi na hamu imenijaa. Hakuna ushauri ulionigharimu kuliko huo. Mtu anayekuambia uanze na rangi hajawahi kulipia kazi ya chini kwa pesa yake mwenyewe. Anakupa starehe ya wiki moja, halafu yeye hayupo mambo yanapoharibika.

Sasa huyo fundi. Alikuja kwa mapendekezo, gereji yake imejaa magari yanayong'aa. Nilimuuliza kwa mdomo wangu: chini vipi? Akaniambia, "Bosi, nimepaangalia, ni kutu ya juujuu. Napiga brashi ya waya, naweka dawa, napulizia lami, hutaisikia tena." Nilimwamini kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na mimi siyo kazi yangu. Watakuja hapa watu waniambie nilitakiwa kusimamia. Mgonjwa hasimamii upasuaji wake. Nilimlipa fundi anisaidie kujua nisichokijua, na yeye akakitumia nisichokijua kunilia pesa.

Alichokifanya nilikuja kukijua baadaye, tulipokata. Kwenye pango la chini ya mlango wa dereva palikuwa na matundu yanayopitisha ngumi. Akasokomeza magazeti na vipande vya sponji ya godoro, juu yake akaweka faiba, juu ya faiba puti, ile rojo ya kusawazishia bodi, akapiga msasa mpaka mstari ukanyooka, kisha akaipulizia lami nyeusi chini yote. Kwa macho huoni kitu, unaona chini kweusi, kusafi, kama gari jipya. Lami ikipigwa juu ya chuma kizima, kikavu, chenye praima (rangi ya kwanza inayopakwa kwenye chuma), ni kinga nzuri. Ikipigwa juu ya kutu inafungia unyevu na chumvi humohumo, tena inaziba na yale matundu machache ya kutolea maji yaliyokuwa yamebaki. Kutu inaendelea kula gizani, na kwa kuwa kutu inavimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, inaisukuma lami yenyewe mpaka inabanduka vipande vipande. Sponji nayo ilikuwa imenyonya maji. Ina maana muda wote ule gari limetembea na kitambaa kibichi tumboni.

Rangi, lazima niseme haki, ilikuwa nzuri. Bluu ya bahari ya jioni, krome zimesuguliwa, viti vimeshonwa upya. Watu walikuwa wanasimama barabarani kupiga picha. Nikajaza fomu, nikalipia, nikamchukua shemeji yangu tukaianza safari mapema ili tufike Nairobi na siku za kupumzika na kulisafisha gari. Longido tukapita vizuri. Namanga tukavuka.

Baada ya Bissil, kabla ya kufika Kajiado, tairi la nyuma likapata pancha. Jambo la kawaida. Tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, shemeji akatoa jeki, akaiweka pale pale kitabu cha gari kinaposema, chini ya ubavu, akaanza kuzungusha. Jeki ikapanda. Gari halikupanda.

Nilisikia sauti ya kitu kinachokatika taratibu, bati linachanika, halafu mlio wa puti inavunjika. Jeki iliingia ndani ya gari. Ilipasua lami, ikapasua faiba, ikatokeza kwenye kapeti jipya nyuma ya kiti cha dereva. Kisha gari likatua lote kwa uzito wake. Namshukuru Mungu kila siku kwamba shemeji alikuwa amepiga goti pembeni, hakuwa ameingiza mkono wala kichwa. Mkono ungekuwa umekwenda. Ndiyo maana mkuu naandika kwa ukali hivi, usidhani ni suala la makombe na vyeti.

Tulipojaribu kufungua mlango wa dereva ukagoma, ubavu ulikuwa umelegea na nguzo imeshuka. Rangi mpya ilikuwa imepasuka kutoka chini ya mlango hadi karibu na dirisha, nyufa ndefu, na puti inaonekana ndani yake, nene kama kidole. Kidole kizima cha puti. Bati la gari halifiki hata milimita 1 na nusu.

Tukaitiwa gari la kukokota hadi gereji moja Kajiado. Pale kulikuwa na fundi mzee, mtaratibu sana. Hakusema kitu. Akachukua tochi na bisibisi, akaingia chini, tukawa tunasikia tu: tu, tu, tu, na kila mahali alipogonga bisibisi inazama. Alipotoka, nywele zimejaa kutu, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, hii gari uliipeleka harusi na ilikuwa ya kupelekwa hospitali."

Hesabu yake ndiyo iliyonimaliza. Pande zote mbili zikatwe. Sakafu ya mbele, upande wa dereva na wa abiria, ikatwe. Mahali pa jeki pote panne pajengwe upya. Moto wa kuchomelea bati jembamba hauachi rangi salama karibu yake, kwa hiyo rangi ya chini yote kwisha, na ukishapaka nusu ya chini haifanani tena na ya juu, kwa hiyo gari zima lirudiwe. Ina maana rangi ya kwanza yote, na viti pamoja na makapeti yaliyochanwa na kuchomwa na cheche, ni pesa iliyotupwa barabarani. Milioni kadhaa za Kitanzania. Kwa pesa ile ya rangi ya kwanza peke yake ningemaliza chini kote na pancha ile ingekuwa ya nusu saa.

Ndivyo nilivyofika kwenye maonyesho, uwanja wa Ngong, Nairobi: kwa matatu, na shemeji, bila gari. Nilitaka kurudi nyumbani, yeye ndiye aliyenikatalia. Na ndiyo maana ukiniuliza nilichokiona kule nitakujibu tofauti na wenzangu waliotangulia, maana mwenzio niliyaangalia magari kutokea chini.

Kwa wasiojua: maonyesho haya yanaandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo ya Kenya tangu mwaka 1970, kwa desturi Jumapili ya mwisho ya Septemba, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki vyote vinashindana. Jambo ambalo wengi hawalijui wanapotazama picha ni kwamba majaji hawaishii kwenye kung'aa. Wanakagua nje, ndani, injini, buti, na chini ya gari. Chini! Gari la thamani kubwa likiwa chafu au bovu chini linapitwa na pikapu ya kawaida iliyotunzwa. Na hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote: pale pembeni ya Mercedes na Jaguar utakuta gari la mtu wa kawaida, ambalo mwenyewe amelala chini yake kwa miezi akilisugua, na linaheshimiwa.

Niliona Volkswagen Beetle ya kijivu, mwenyewe mzee wa makamo. Nilipomweleza yaliyonikuta akainua kiti cha nyuma palepale anionyeshe. Betri ya Beetle inakaa chini ya kiti cha nyuma, na asidi ikidondoka miaka na miaka inakula sakafu ya hapo. Yeye alianza na hapo, akabadilisha sakafu nusu nzima kabla ya kugusa kitu kingine. Akanikumbusha kwamba Volkswagen ndiyo inayohesabiwa mshindi wa Safari ya kwanza kabisa mwaka 1953, enzi hizo inaitwa Coronation Safari na inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lenye historia hiyo, akasema, ukilificha uozo umelikosea adabu. Kulikuwa na Morris Minor Traveller, ile yenye mbao nyuma, na mbao zile siyo urembo, ndizo zinazoshikilia sehemu ya nyuma ya gari. Mwenyewe alikuwa ametengeneza upya mti wote kabla ya varnishi. Kulikuwa na Datsun 240Z nyekundu, mwili unaotamanisha, ndugu wa yale aliyoshinda nayo Safari Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, na ni gari linalojulikana duniani kote kwa kutu ya sakafu. Nilipiga magoti kwenye majani kuitazama chini. Kote rangi ya mwili, kila bolti inaonekana, hakuna lami hata tone. Hapo ndipo nilipojua: mwenye chini nzuri hana haja ya kuificha kwa lami nene.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja mwenye 504 kama yako, saluni, rangi ya maziwa. Usiniulize gari gani lilishinda siku ile, mimi nilikaa kwa yule mama muda mrefu kuliko kwa majaji. Alikuwa na albamu ya picha za kazi yote. Picha ya kwanza gari halina viti, halina kapeti, sakafu imejaa madirisha. Kurasa kadhaa ni sakafu na mapango ya chini ya milango tu. Kabla hawajakata walichomelea mabomba ya chuma kukingama kwenye nafasi za milango, ili bodi isilegee wakati ubavu umetolewa, na wakafanya upande mmoja ukaisha ndipo wakahamia wa pili. Kisha breki zote, mabomba ya breki yakabadilishwa, maana nayo yanaoza. Halafu, na hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi, gari lilipokamilika chini hakulipaka rangi. Aliliendesha masika nzima na rangi yake ya zamani iliyojaa viraka vya praima. Nikamuuliza hakuona aibu? Akaniambia alitaka gari lijinyooshe, milango ikae, maji yaonyeshe yanakoingia, kila bolti inayotaka kulegea ilegee. Yakatokea mawili matatu, yakarekebishwa bila kuharibu rangi mpya kwa kuwa rangi mpya haikuwepo. Rangi ilikuwa ukurasa wa mwisho wa albamu. Viraka vyake alitumia praima ya epoksi, na alinisisitizia hilo, kwa sababu praima ya kawaida inanyonya maji, ukiiacha wazi kwenye mvua kutu inaanza chini yake.

Linganisha na yangu. Yeye alimaliza na rangi, mimi nilianza nayo. Magari ya kiwanda kimoja, ya kizazi kinachofuatana, na chumvi ileile, maana la kwake lilitokea Mombasa.

Kwa hiyo mkuu, sahau habari za rangi kwa sasa. Fanya hivi. Toa viti vyote na makapeti yote, hata yale yaliyogundishwa kwa gundi, hasa hayo. Peleka gari kwenye gereji yenye shimo au lifti, usilale chini ya gari lililosimama kwa jeki, tafadhali, nimeshakueleza jeki inaweza kwenda wapi. Chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Panaponyamaza sukuma bisibisi. Usiogope kutoboa, tundu unalolitoboa wewe lilikuwepo tayari, wewe umelifunua tu. Chukua na sumaku, ipitishe ubavuni chini ya milango na juu ya matao ya magurudumu. Isiponata hapo kuna puti nene au faiba, na aliyeiweka alikuwa na sababu. Popote palipo na lami iliyofura, ibandue. Angalia sakafu chini ya miguu ya dereva, mahali pa jeki pote panne, tao la ndani nyuma ya taa za mbele, na juu kabisa, ukifungua boneti, pale shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Hapo pakiwa na kutu ya kumenyeka usiendeshe gari hilo hata kwenda sokoni, kwa sababu uzito wote wa mbele unaegemea hapo. Kisha safisha matundu ya kutolea maji kwa waya mpaka uone maji yanatiririka.

Kama fundi atakuambia "ni juujuu tu", mpe bisibisi mkononi akuonyeshe wewe ukiwa umesimama hapo. Mkweli ataichukua. Wangu nadhani angeanza kunielezea habari za dawa.

Na usikubali kiraka cha bati juu ya bati bovu. Linakatwa mpaka chuma kizima kinapoanza, bati jipya la unene wa milimita 1 hivi linakatwa kwa kipimo, linachomelewa kwa CO2, ile mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, kidogo kidogo, unahamisha sehemu ili joto lisilikunje. Fundi anayetaka kulichoma lote kwa mtungi wa gesi kwa mara moja atakuachia sakafu yenye mawimbi. Ndani ya mapango, baada ya kuchomelea, pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia yale matundu. Hiyo nta ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha yako na ndiyo wanayoiruka wote.

Pikipiki ya mzee: inaingia, pikipiki zina madaraja yake, na nakusihi uipeleke hata kama gari halitakuwa tayari. Niliona Triumph Bonneville pale, BSA za zamani, na Honda CB750, ile ya silinda nne iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na breki ya diski mbele. Watu walizizunguka hizo. Lakini XL125 ndiyo pikipiki ya bwana shamba, ya mganga wa zahanati, ya mwalimu mratibu. Nusu ya uwanja wangekuwa na hadithi yake. Pikipiki ina heri moja, haina chini ya kuficha, kila kitu kiko wazi, mashavu ya injini, spoku, mnyororo. Isipokuwa sehemu moja: ndani ya tanki. Na najua utakachotaka kufanya, utataka kulipeleka tanki kwa fundi rangi likarudi linawaka na stika mpya. Usifanye hivyo. Toa mafuta yote, limulike ndani kwa tochi, na kama kuna kutu ya kahawia lisafishe kwanza kwa siki kali au dawa yenye asidi ya fosforasi, lisuuze, likaushe kabisa. Dawa hiyo ikidondoka juu ya rangi mpya imekula, na kama tanki lina tundu la sindano fundi atalazimika kulichomelea. Usipolisafisha kutu hiyo inaishia kwenye kabureta, pikipiki itazima mbele ya majaji. Rangi ya tanki iwe ya mwisho.

Kuhusu madaraja ya magari, yanagawanywa kwa aina na ukubwa wa injini, fomu yenyewe inakuonyesha, hilo halina ugumu. Mwakani ni karibu mno kwa gari la Tanga usilolijua chini. Nakuomba kwa dhati ujipe mwaka mmoja zaidi. 504 imestahimili mengi. Ove Andersson alishinda nayo Safari mwaka 1975 kwenye barabara ambazo magari ya leo yangezikimbia. Haitakufa kwa kusubiri ikiwa na rangi iliyopauka. Itakufa kwa kupakwa vizuri juu ya uozo.

Yangu bado haijapakwa mara ya pili. Chini kumekwisha, mapango yamepigwa nta, jeki inaweza kuinyanyua popote. Naiendesha mjini na viraka vyake vya epoksi, watoto wa mtaani wanaicheka, na sitaigusa mpaka masika ipite.

Ukishatoa makapeti piga picha za sehemu nilizokutajia, kwa tochi, karibu, uziweke hapahapa tuzione wote. Ukikuta tundu linaloingia kidole usihangaike na fundi rangi, nitafute inbox. Nitakuelekeza kwa fundi bodi aliyenimalizia sakafu. Yuko Arusha, anachomelea kwa CO2, hapokei kazi zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, na bei yake utaona ni kubwa mpaka ulale chini uone alichokifanya.